Mabo alishinda 1992, mbona Wayorta Yorta walishindwa 2002?

Kisiki: Wakuu, kesi ya Eddie Mabo, mwenyeji asilia aliyedai ardhi ya kwao, ilizika hoja kwamba Australia ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe Waingereza walipofika. Sasa Wayorta Yorta, wenyeji asilia wa Mto Murray, waliangukaje mbele ya Mahakama Kuu ileile miaka 10 baadaye? Sheria ilibadilishwa?

Mpekuzi: Mabo ilikubali kwamba haki ya asili, yaani haki ya wenyeji asilia juu ya ardhi yao, ipo kisheria. Kuithibitisha ni kazi ya mwombaji, na hapo ndipo wengi hukwama. Kifungu cha 223 cha sheria ya haki hiyo ya 1993 kinataka haki itokane na mila zinazofuatwa mpaka leo. Kwa Wayorta Yorta, majaji watano dhidi ya wawili walisema mila hizo ziwe hazijakatika tangu Uingereza itwae mamlaka, yaani 1788 kwa upande ule. Kilichouma zaidi kilikuwa kwenye ushahidi. Mwaka 1881 watu wao 42 walimwandikia gavana wakiomba ardhi, wakieleza kwamba yao imechukuliwa yote. Jaji aliyesikiliza kesi mwanzoni aliisoma barua hiyo kama dalili kwamba walishaacha mila zao! Maandishi ya mfugaji mzungu wa miaka ya 1840 nayo aliyapa uzito kuliko simulizi za wazee. Unanyang'anywa, halafu unaulizwa mbona hukuendelea.

Bahari7: Sawa, ila usisahau historia ya umilikishaji. Hata ukithibitisha mila, kiwanja kilichouzwa kwa umiliki kamili kihalali kimeshafuta haki. Ardhi ya malisho iliyokodishwa ni tofauti: tangu kesi ya Wik, 1996, haki mbili zinaweza kukaa pamoja, ila zikigongana, mfugaji aliyekodi ndiye anayeshinda. Kwa hiyo kagua kumbukumbu za ardhi kabla ya kuchora ramani ya dai.

Kisiki: Na mgodi ukija kabla ya hukumu?

Mpekuzi: Serikali ikitangaza nia ya kutoa leseni, kundi lina miezi 3 ya kufungua dai, na dai liwe limesajiliwa ndani ya miezi 4. Likipita, mnapata haki ya kujadiliana. Si kura ya turufu: baada ya miezi 6 upande wowote unaweza kwenda kwenye baraza la usuluhishi, na leseni ikatoka bila ridhaa yenu. Wanaosema Waaborijini wanaweza kuzuia mgodi huwa wanaichanganya na sheria ya haki za ardhi ya 1976, ambayo ni ya Northern Territory tu.