Mke wangu kazalishwa kwa upasuaji wa dharura, karatasi za bima zinasema alipanga mwenyewe!

Wakuu, asalaam alaykum. Naandika nina hasira, atakayeona napayuka anisamehe.

Mwezi uliopita mke wangu kajifungua mtoto wetu wa kwanza katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini Unguja. Jina silitaji, faili letu bado liko kwao. Uchungu ulimuanza nyumbani Fuoni saa 8 usiku, tukafika kabla ya adhana ya alfajiri. Saa 6 mchana njia imefunguka sentimita 7. Saa 10 jioni ni 7 ile ile. Chupa ishapasuka, maji ya kijani. Mkunga, Mungu ampe kheri, akanionesha ile karatasi yao ya grafu, mstari umeshavuka pale unapotakiwa kuishia, akasema: "Baba, mtoto hapiti kwenye nyonga, na mapigo yake yanashuka." Fomu ya ridhaa nimeisaini nimesimama koridoni kwa kalamu ya kuazima, mkono unatetemeka, saini haifanani hata na ya kitambulisho changu. Saa 11 kasoro kaingia thieta. Mtoto katoka analia, alhamdulillahi. Na waliomkata sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na walioandika.

Kwa wasiojua: bima hailipi hadithi, inalipa kodi. Si kodi ya nyumba wala ya mapato, ni namba ya ugonjwa, wengine huiita msimbo. (Mama mkwe aliposikia "kodi ya mkeo ina makosa" aliuliza tangu lini wazazi wanatozwa kodi.) Namba zenyewe zinatoka kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inaitwa ICD-10, na mambo ya mimba na uzazi humo yanaanza na herufi O.

Mara ya kwanza madai yakarudishwa. Kisa? Karani kaandika 082.0, mbele katia sifuri badala ya herufi O. Wiki nzima imepotea kwa duara moja! Nikasema haya, binadamu hukosea. Wakarekebisha, wakatuma. Yakarudi tena: "Upasuaji wa kupangwa, hauna idhini ya awali."

Wa kupangwa? Mtu aliyekesha na uchungu tangu saa 8 usiku?

Ndipo nilipoanza kuulizia. O82.0 ni upasuaji uliopangwa kabla. O82.1 ni wa dharura. Zimepishana tarakimu moja tu, na kwa tarakimu hiyo leo nadaiwa shilingi 1,900,000. Jamaa yangu anayefanya kazi hizi hospitali nyingine alicheka mpaka nikamnunia. Anasema kwenye kompyuta yao ukitafuta upasuaji wa uzazi, mstari wa juu kabisa ni huo 82.0. Mvivu anabofya wa juu, keshamaliza, anakwenda kunywa chai.

Halafu akaniambia lililonikera zaidi. Kwa kanuni za ICD-10 zenyewe, O80 mpaka O84 zinaeleza tu mtu kazaa kwa njia gani. Hazitakiwi kuwekwa kama tatizo kuu ikiwa sababu imeandikwa kwenye faili. Sababu ndiyo inayotangulia. Uzazi pingamizi, mtoto hapiti kwenye nyonga, ni O65.4. Mapigo ya moyo ya mtoto kuharibika, O68.0. Hiyo O82.1 inakuja nyuma yake, nyongeza tu. Kwenye fomu yetu sababu haipo hata moja! Na daktari kaandika, noti za upasuaji nimeziona kwa macho yangu, mistari minne, na mwandiko unasomeka (kwa daktari hilo ni ajabu). Karani hakufungua ukurasa.

Juzi tukaenda dirishani pamoja, mke wangu kampakata mtoto, kidonda bado kinamvuta akikaa. Binti wa bima akaisoma fomu kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Hapa panaonesha mama kachagua mwenyewe." Mke wangu hakujibu kitu. Kalia kwenye daladala, kimya kimya, kajifunika uso kwa mtandio. Jioni shangazi yangu kapiga simu, sijui nani kamfikishia: "Kumbe aliogopa uchungu?" Saa 15 za uchungu, jamani. Saa kumi na tano!

Pesa nitatafuta. Lakini mimba ijayo je? Atakwenda kliniki na mshono kwenye kizazi, daktari mpya atataka kujua kwa nini alikatwa na kizazi kilikatwa vipi, ili aamue kama ajaribu kuzaa kawaida au apangiwe kisu mapema. Atakuta "alipanga mwenyewe". Na hesabu za wanaozaa kwa kisu pia zinaharibika. Tangu 2015 WHO inashauri hospitali ziwapange wazazi kwa makundi 10 ya Robson, ili ijulikane ni kina nani hasa wanaokatwa. Mke wangu ni kundi la 1: mimba ya kwanza, mtoto mmoja, kichwa chini, miezi imetimia, uchungu umeanza wenyewe. Kwa karatasi hii anatupwa kundi la 2, pamoja na waliokatwa kabla ya uchungu. Kisha mtu anakaa na jedwali lake anashangaa wanawake wa siku hizi wanapenda kisu.

Hospitali wananiambia nenda bima. Bima wananiambia rudi hospitali. Nikirudi, mhusika yuko semina. Nikimtafuta daktari, alikuwa wa zamu ya wiki ile tu. Jana naambiwa mtandao uko chini, na huku namuona karani anaangalia mpira kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Sasa nauliza, kuna yeyote humu aliyewahi kurekebishiwa kodi baada ya madai kukataliwa mara mbili? Ulianzia kwa daktari akakuandikia barua, au chumba cha mafaili? Noti za upasuaji wanalazimika kunipa nakala, au nitaambiwa ni mali ya hospitali?

Jumatatu saa 2 asubuhi nipo pale dirishani. Grafu ya mkunga nilishaipiga picha siku ile ile, nikiwa nangoja nje ya thieta.