Safu mpya ya kilo kwa ekari inajaa NA kwenye R

Swali (Masasi):
Ndugu zangu, habari za kazi. Nina jedwali la wakulima wa korosho lenye safu ya kilo na ya ekari, nami nataka kuunda kigezo kipya cha tija. Niliandika data$tija <- data$kilo / data$ekari, lakini R (programu ya takwimu) ilikataa ikidai kwamba kilichomo si namba; nilipotumia as.numeric ili kuzigeuza kuwa namba, wakulima wakubwa wote waligeuka NA (yaani thamani haipo). Nimekosea wapi?

Jibu (Lindi):
Pole na kazi, ndugu. Tazama kilo zilivyoandikwa: penye 1,200, ile koma huifanya safu nzima isomwe kama maandishi, ndiyo maana waliopotea ni waliofikisha kilo elfu moja. Soma faili upya, kisha andika data$kilo <- as.numeric(gsub(",", "", data$kilo)), ambapo gsub huondoa koma, kabla ya kugawanya.

Jibu (Nachingwea):
Naongezea jambo ambalo limewahi kunigharimu siku nzima: ekari ikiwa 0, R hailalamiki, bali hukupa Inf (yaani isiyo na kikomo), na wastani wote huharibika. Tumia ifelse(data$ekari > 0, data$kilo / data$ekari, NA), halafu mean (wastani) yenye na.rm = TRUE ili NA zirukwe.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Koma ndizo zilizokuwa tatizo, na mashamba mawili yalikuwa na ekari 0. Nitayahakiki kwenye fomu za karatasi.