Mrejesho: Windows 7 imekubali masasisho

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya Windows 7 inapakua masasisho vizuri, halafu ikifika kwenye kusakinisha inakwama na kutoa kosa 80092004.

Kumbe tatizo lilikuwa mfuatano wa kuyaweka. Masasisho ya kuanzia katikati ya 2019 yana sahihi ya SHA-2 pekee (alama ya kidijitali ya kuthibitisha kuwa sasisho ni halisi), na mfumo wangu haukuwa na uwezo wa kuitambua. Service Pack 1, lile furushi kubwa la maboresho ya Windows 7, nilikuwa nayo tayari; bila hiyo msihangaike. Nikaweka kwanza sasisho namba KB4490628 (la sehemu inayosakinisha masasisho), nikazima na kuwasha, kisha KB4474419 (linaloleta uwezo wa kutambua SHA-2), nikazima na kuwasha tena. Mimi mwanzoni nilirukia sasisho kubwa moja kwa moja, haraka zangu hizo!

Baada ya hapo yaliyobaki yaliingia, ingawa hatua ya kutafuta masasisho ilichukua saa nzima na nusura nichomoe waya. Yameishia Januari 2020, mwezi ambao Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama, kwa hiyo mambo ya benki sifanyii humo. Naitumia kwa printa ya zamani tu.

Aliyeniambia niangalie sahihi, asante sana mkuu.