Je, kifaa saidizi cha fundi wa mtaani kimfikie mtumiaji kabla ya kupimwa?

Mtoa hoja, Nyakato

Naleta mezani swali linalozua ubishi hapa Mwanza kila vijana wa vyuo wanapoonesha ubunifu wao: kifaa saidizi cha kielektroniki kilichoundwa kwa vipuri vya bei nafuu kikabidhiwe kwa mtu mwenye ulemavu mara kinapokamilika, au kisubiri kwanza kupimwa na kuidhinishwa na mamlaka? Upande mmoja unasema kuwa mtu asiyeona si wa kufanyiwa majaribio. Upande wa pili unajibu kwamba anayesubiri cheti atasubiri hadi aote mvi, na una takwimu za kuegemea: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu.

Mimi naona pande zote mbili zinavitia vifaa vyote kapu moja. Cha kuuliza kwanza ni iwapo kifaa kikishindwa kazi mtumiaji atatambua papo hapo, na iwapo kushindwa huko kunaweza kumuumiza.

Tuchukue fimbo yenye kihisi cha mawimbi ya sauti, ambayo haikosekani katika maonesho. Ndani yake kwa kawaida mna bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kupangia programu, ile iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005 na ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote, pamoja na kihisi cha HC-SR04 kinachouzwa shilingi elfu chache. Kihisi hicho hutoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi, na bodi ikapiga hesabu ya umbali kwa kutumia mwendo wa sauti hewani, takriban mita 343 kwa sekunde. Ukuta ulio mbele, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4, hukipata vizuri. Lakini mtu anayeshuka kutoka Mabatini au Igogo, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe na vijia vinapita kandokando ya mitaro iliyo wazi, hatishwi sana na ukuta. Anatishwa na shimo, na shimo halirudishi mwangwi kwa kihisi kilichoelekezwa mbele. Ukuta uliokaa kimshazari huutupa mwangwi pembeni, na kanga iliyoanikwa huumeza. Kibaya zaidi, ukimya wa fimbo hiyo unaweza kuwa na maana mbili ambazo mtumiaji hawezi kuzitofautisha: njia ni salama, au betri imekwisha. Fimbo nyeupe ya kawaida haina tatizo hilo, kwa sababu inaigusa ardhi.

Marekebisho yake si ghali. Mistari michache ya programu inatosha kukifanya kitetemeshi, yaani kijimota kinachoitikisa fimbo ili kuonya, kitikisike kidogo kila baada ya sekunde kadhaa, ili mwenye fimbo ajue kuwa kifaa kiko hai. Nimeona fimbo nyingi za namna hii zikipigiwa makofi ukumbini. Yenye tikisiko hilo bado sijaiona. Kifaa cha jinsi hii kisimfikie mtu kabla ya kupimwa, na kikipimwa kipimwe njiani.

Sasa kuna kitufe cha kusemea. Chipu ya ISD1820 hurekodi sauti ya takriban sekunde 10. Bibi anarekodi kwa Kisukuma maneno ya kuomba maji, na mjukuu wake mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kutamka, akigonga kitufe kikubwa cha mbao sauti inatoka. Kikiharibika, nyumba nzima inajua siku hiyo hiyo na hakuna aliyeanguka mtaroni. Ni vivyo hivyo kwa bodi zinazojifanya kibodi mbele ya kompyuta. Makey Makey, ambayo Jay Silver na Eric Rosenbaum wa MIT waliitoa mwaka 2012, ilionesha kwamba hata ndizi inaweza kuwa kitufe, na leo bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4 hufanya kazi hiyo kwa bei ya chini zaidi, kiasi kwamba mtoto anayeweza kusogeza goti tu anafungua ukurasa wa somo kwa goti lake. Kuvizuia vitu hivi visubiri muhuri ni kuwanyima watoto sauti bila sababu.

Vikuza sauti vya masikioni nitaviweka kundi la fimbo bila kusita, maana sauti ya desibeli 85 kwa saa nane, ikirudiwa kila siku, inaweza kuharibu hata usikivu uliokuwa umebaki. Naomba michango, hasa ya wale wasiokubaliana nami.

Mchangiaji wa pili, mtoa huduma za utengemao, Ilemela

Ndugu mtoa hoja, kipimo chako kinahesabu madhara ya mwili peke yake. Mtoto aliyekwisha kuzoea kuomba maji kwa kitufe, kisha kitufe kikafa wakati kijana aliyekiunda ameshahitimu na kuhamia Dodoma, ameumizwa hata kama hana jeraha, na mara nyingi familia huacha kabisa kujaribu kingine. Kwa hiyo hata kundi lako la vifaa visivyo na hatari nalitaka liwe na sharti: kisikabidhiwe kifaa chochote mpaka ijulikane nani atakitengeneza, mchoro wake uachwe kwa familia, na vipuri vyake viwe vile ambavyo fundi redio wa Makoroboi anavitambua.

Naona pia tunasahau kuwa elimu ya kumvisha mtu kifaa ni taaluma. Chuo cha TATCOT kule Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na sababu ni kwamba mguu bandia uliokaa vibaya huchubua ngozi hadi ikaoza, hata kama umetengenezwa kwa ustadi. Wanaoleta mikono ya plastiki iliyochapishwa kwa mashine hupenda kumtaja Richard Van As, seremala wa Afrika Kusini aliyepoteza vidole vyake mwaka 2011, akashirikiana na Mmarekani Ivan Owen, na mwaka 2013 wakaachia bure mchoro wa mkono waliouunda. Ni kweli, lakini seremala yule alikuwa anajivisha mwenyewe: kilipombana alijua, na alikuwa na patasi mkononi.

Fedha za karakana ya matengenezo si za kuota. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Kikundi cha watumiaji wenyewe kinaweza kukopa na kumwajiri fundi.

Mchangiaji wa tatu, mfanyabiashara wa samaki, Kirumba

Mama wa utengemao amesema kweli, ila nyote wawili mnazungumza kana kwamba sisi tunaosubiri hivyo vifaa hatuna la kusema kabla havijaundwa. Mimi sioni, na ninasoma mjadala huu kwa simu inayonisomea. Kila mwaka naletewa fimbo. Fimbo ninayo. Ninachokosa ni mizani inayosema, kwa sababu pale soko la samaki la Mwaloni ninauza sangara na kayabo, yaani samaki wa chumvi, kwa kilo, na kila siku namtegemea mtu mwingine anisomee uzito, ambaye akitaka kuniibia ataniibia mbele ya macho ya soko zima. Kwa nini hakuna kijana aliyewahi kuniletea hiyo?

Mtoa hoja

Kaka yangu, kuiunda si kazi ngumu, na hapo ndipo mtego ulipo. Kihisi cha uzito, bodi ndogo ya HX711 inayoigeuza ishara yake kuwa namba, na bodi kama Arduino vinatosha kupata uzito, na kicheza sauti chenye kadi ya kumbukumbu ya sauti zilizorekodiwa kinatosha kuutamka kwa Kiswahili. Lakini vihisi vya bei nafuu hupotoka joto linapobadilika, na mizani yoyote inayotumika kuuzia huhitaji kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Mizani ya kijana haina stika ya uhakiki, na ukiifungua ile yenye stika ili kuitia sauti umevunja lakiri. Kwa kipimo changu mwenyewe inaingia kundi la fimbo: ikikosea gramu 200 haipigi kelele, na anayeumia anaweza kuwa wewe au mteja.

Ningependekeza uwe na mizani ya pili, isiyo ya kuuzia, ambayo utajipimia kando kabla samaki hawajawekwa kwenye ile iliyohakikiwa.

Mchangiaji wa tatu

Mteja wa Mwaloni akiona mizani mbili atauliza ipi ni ya wizi, na hataingoja jibu.

Mtoa hoja

Basi tuiache mizani ilivyo. Wewe una mizani ya kidijitali yenye stika; simu ikisimamishwa kwenye kishikio mbele ya kioo chake, programu inaweza kuzisoma tarakimu kwa kamera na kuzitamka. Hakuna lakiri inayoguswa, na usahihi wa uzito unabaki mikononi mwa wakala. Kinachobaki kupimwa ni kama simu inasoma tarakimu zenyewe bila kukosea, hasa jua linapopiga kwenye kioo.

Mchangiaji wa tatu

Hiyo naikubali kwa masharti matatu. Isome kwa sauti ambayo mteja naye anaisikia, ili asidhani kuwa nanong'onezewa. Isipoiona namba vizuri iseme kuwa haioni, isibahatishe. Na majaribio yafanyike pale pale sokoni alfajiri, wakati mitumbwi inashusha mzigo, mikono yangu ina magamba na watu watatu wananiita kwa pamoja. Nitakuwepo, na atakayeileta alete na kitambaa cha kufutia kioo.