Naomba ushauri: hili neno "terrific" linatumikaje?

Wakuu, habari za leo. Bosi wangu Mwingereza kanirudishia ripoti, juu kaandika kwa kalamu nyekundu neno moja tu: "Terrific!" Nikashtuka, maana "terrible" naijua, na "terrify" ni kutisha. Nikafungua kamusi: kumbe zamani lilimaanisha kitu cha kutisha, siku hizi ni sifa kubwa. Kama sisi tunavyosema "jamaa ni hatari" tukimsifu mtu. Hapo nimeelewa, roho ikatulia.

Kinachonisumbua ni matumizi. Naweza kumwandikia mteja kwenye barua rasmi, au ni la maongezi tu? Na "very terrific" inakubalika? Jana niliiandika, mwenzangu akacheka weee, kueleza hataki.