Bastola ya .22 ya shabaha kwa mtu wa shoto, tena mkaa pwani: nichukue ipi?

Shoto wa Malindi

Hamjambo wanajamvi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga bastola ya upepo ya klabu, mita 10, na sasa kocha anasema nimeiva, niingie .22, ile ya risasi ndogo za baruti, kwa mita 25. Naishi Malindi, klabu iko Mombasa, kwa hiyo kila nikienda ni kilomita kama 120 kwenda na nyingine kurudi, matatu ya alfajiri. Sitafuti kitu cha kujihami, wala sina adui. Nataka kutoboa karatasi tu, pale katikati ikiwezekana.

Shida zangu ni hizi. Kwanza, natumia mkono wa kushoto, na viganja vyangu ni vidogo. Pili, nyumba yetu iko karibu na bahari kiasi kwamba kufuli la mlango hubadilishwa kila baada ya kaskazi mbili. Tatu, mshahara ni wa mwalimu.

Nimezisoma sana Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Walther P22. Halafu kuna mzee mmoja Mtaliano hapa mjini, anarudi kwao, anataka kuniachia Hämmerli 208 yake kwa bei ya urafiki. Ameniambia hata nikitaka niende nayo nyumbani wiki hii nikaizoee. Nishaurini.

Fundi Saa

Kabla ya jambo lolote: USIENDE NAYO NYUMBANI. Hata usiku mmoja. Hata ikiwa tupu ndani ya boksi. Mzee ana nia njema lakini anakutia matatani na yeye mwenyewe anajitia. Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinatangulia, silaha inafuata. Unaomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha, unaeleza sababu ya maana ya kutaka silaha, unachunguzwa, na cheti kikitoka kinataja silaha gani na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo. Mauziano nayo yapitie kwa muuzaji mwenye leseni, silaha itoke kwenye jina lake iingie kwenye lako kwa karatasi, si kwa urafiki.

Haya, nimeshapiga kelele. Karibu kwenye .22.

Mkandaa

Fundi kasema kweli. Wasiojua wajue pia kwamba sheria hiyohiyo inahesabu hata bunduki na bastola za upepo kuwa silaha. Watu wengi hudhani ni za watoto.

Mimi naona chukua P22 yakhe. Nyepesi, inakaa vizuri kwenye kiganja kidogo, na kitufe cha usalama kiko pande zote mbili, hata kile cha kutolea magazini. Shoto hahangaiki.

Bi Shanga

Mkandaa, umemjibu mkono, hukuijibu karatasi. P22 ni bastola ya kufurahisha na kufundishia, mtutu wake wa kawaida ni mfupi, vilengeo vimekaribiana, na kile cha nyuma kimekaa juu ya chuma kinachorudi nyuma kila risasi ikilia. Kwa kopo la maziwa, sawa. Kwa pete ya kumi, ile ya katikati kabisa ya shabaha, yenye upana wa milimita 50 ukiwa mita 25, utateseka.

Shoto, wewe umetoka kwenye bastola ya upepo, ambako pete ya kumi ni milimita 11.5 kwa mita 10. Jicho lako limeshazoea unyoofu, usilirudishe nyuma. Tazama bastola ambayo mtutu umekazwa kwenye mwili wake na vilengeo vyote viwili havisogei. Ruger na Buck Mark ziko hivyo zote mbili. Vilengeo havichezi, kinachorudi ni kipande kifupi tu.

Halafu angalia kanuni za mashindano kabla hujalipa. Kwa mita 25, mtutu usizidi milimita 153, na kifyatulio kiweze kubeba gramu 1000 bila bastola kulia. Mtutu wa inchi 5.5 ni kama milimita 140, unapita. Ule wa karibu inchi 7, unaopendeza sana kwenye picha, haupiti. Nimemwona mtu akikataliwa kwenye meza ya ukaguzi siku ya mashindano, bastola mpya kabisa, na alikuwa ameshatuma picha kwa ukoo mzima.

Shoto wa Malindi

Bi Shanga shukran sana, hilo la mtutu sikulijua. Basi imebaki Ruger na Buck Mark. Na ile Hämmerli je? Naipenda, siwezi kudanganya.

Bi Shanga

Kuipenda si kosa, hata mimi naipenda. Ni bastola ya Uswisi iliyotengenezwa kwa shabaha tangu mwanzo, kifyatulio chake ni kama kuvunja ubua wa kioo. Lakini kitako chake, yaani mpini wa kushikia, kimechongwa kwa mkono wa kulia, na kitako cha namna hiyo ukikishika na kushoto ni kama kuvaa kiatu cha upande mwingine. Vipuri ni vya kutafutwa na tochi. Tena imetengenezwa kwa risasi za mwendo wa kawaida, ukiilisha zile kali unaichosha chuma.

Mzee wa Mkomani

Salamu kutoka Lamu. Hapo kwenye kitako nina neno.

Kuna mafundi huku wanaochonga milango, mtu anakutolea ua kwenye mbao kwa patasi na wewe umesimama. Mimi kitako changu nilichongewa hapahapa. Nilikifungua, nikakipeleka chenyewe tu, mbao mbili na skrubu zake. Bastola ilibaki imefungiwa. (Narudia: kitako pekee. Usimpelekee fundi wa milango bastola.) Nikafinyanga donge la udongo kwa mkono wangu, nikampa alifuatishe. Mara ya kwanza alinichongea kitu kizuri mno, kina nakshi hadi kwenye kidole gumba, nikamwambia ustadhi, hii si kiti cha enzi. Mara ya pili kikatoka sawasawa. Mradi kisipande juu ya kifundo cha mkono, maana kanuni zinataka kifundo kiwe huru.

Kwa hiyo ushoto wako usikutishe. La kukutisha ni chumvi.

Shoto wa Malindi

Mzee wetu, hebu tueleze hilo la chumvi kwa kituo. Ndilo linaloninyima usingizi.

Mzee wa Mkomani

Mimi nikienda kupiga lazima nivuke kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara. Kwa hiyo chombo changu hula maji ya chumvi mara mbili kabla hakijalia hata risasi moja. Nimejifunza kwa hasara. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya chuma cheusi kile kilichotiwa rangi ya samawati, nikaiweka ndani ya mkoba wa ngozi, nikaufungia kabatini, nikasafiri wiki tatu msimu wa kusi. Niliporudi ilikuwa na madoadoa ya kutu mfano wa ndizi mbivu. Ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia, na sponji la ndani ya boksi nalo ni vilevile. Boksi ni la safari, si la kulalia.

Chukua chuma cha pua ukiweza. Nacho hushika kutu, usidanganywe, lakini kinakupa muda wa kuona. Siku uliyopiga, ifute siku hiyohiyo, usiseme kesho. Mafuta mepesi kwa kitambaa, ndani ya mtutu upitishe kitambaa chenye mafuta kidogo, na kabla ya kupiga tena uyafute. Ndani ya sefu weka vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, na uvikaushe mara kwa mara, maana vikishashiba maji ni mapambo tu. Sefu yenyewe ifungwe kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na upepo wa bahari.

Fundi Saa

Niongeze la usafi. Risasi za .22 nyingi kichwa chake ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, kwa hiyo uchafu wake ni nta, masizi na madini hayo. Ndani ya mtutu usisugue kama sufuria, watu wengi wameharibu mdomo wa mtutu kwa fimbo ya kusafishia kuliko kwa kupiga. Chumba cha risasi na pale inapoingilia ndipo pa kusafisha.

Na hapa Ruger ina hadithi. Zile za zamani, kuanzia ya kwanza ya 1949 hadi Mark III, kuzifungua ni kazi, kuzirudisha ni adhabu. Mimi ni fundi, na iliwahi kunilaza saa nane usiku. Mark IV ya 2016 ina kitufe kimoja nyuma, unabonyeza inafunguka. Kwa mtu wa pwani anayepaswa kufuta kila siku aliyopiga, hilo si jambo dogo: chombo kigumu kufungua hakifunguliwi. Buck Mark ni nzuri, kifyatulio chake pengine ni kitamu zaidi kutoka dukani, ila kuifungua kunataka ufunguo wa pembe sita na utulivu, na usalama wake uko upande wa kushoto tu, ambao kidole gumba cha shoto hakiufikii vizuri. Mark IV ina usalama pande zote mbili. Kitufe cha kutolea magazini tu ndicho kitakusumbua kidogo.

Mtoto wa Sabaki

Mbona gharama zote hizo za Mombasa? Akishapata leseni si aende ufuoni Mambrui asubuhi, hakuna mtu, apige kuelekea baharini.

Bi Shanga

Haiwezekani kabisa. Risasi ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigusa maji kwa pembe ya chini inadunda kama jiwe la mtoto. Huko "hakuna mtu" kuna wavuvi. Na leseni ya shabaha haifanyi ufuo kuwa uwanja wa shabaha.

Mtoto wa Sabaki

Nimeelewa, samahani. Sikufikiria wavuvi, na babangu ni mvuvi.

Mkandaa

😂 Mimi najiondoa na P22 yangu kimyakimya. Swali la mwisho kwa wakubwa: risasi gani?

Fundi Saa

Za mwendo wa kawaida, zile za kama mita 326 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Nunua boksi mojamoja za aina tatu au nne, upige kwa kuegemeza mkono, uone bastola inapenda ipi; bastola mbili za namba zinazofuatana kiwandani zinaweza kutofautiana ladha. Kumbuka fataki ya .22, ile inayowasha baruti, iko kwenye ukingo wa ganda, si katikati, ndiyo maana mara mojamoja moja hukataa kulia. Ikikataa, mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Na ziba masikio, ni ndogo lakini inazidi desibeli 140.

Shoto wa Malindi

Nimerudi baada ya Jumamosi mbili. Klabu wana Mark IV ya chuma cha pua na mwenzetu mmoja ana Buck Mark, nikaomba kuzijaribu zote chini ya macho ya kocha, risasi 30 kila moja. Buck Mark ilinipa kundi dogo zaidi la matundu kwenye karatasi, nakiri. Lakini mara mbili nililazimika kubadilisha mkono ili kuweka usalama, na kocha akanitazama vile ambavyo mimi huwatazama wanafunzi wa darasa la nane. Ni Mark IV, mtutu wa inchi 5.5. Cheti cha tabia njema nimeshakiomba, fomu za Bodi zinafuata.

Mzee wa Kitaliano nimemweleza, hakukasirika. Amesema Hämmerli ataipitisha kwa muuzaji. Imebaki mama watoto, anauliza sefu la kilo hamsini litapandaje ngazi zile za ghorofani.

Mzee wa Mkomani

Sisi huku tuna punda. Nyinyi Malindi mjitegemee.