Ni silaha ipi ya hadithi za njozi isiyowatoka akilini?

Muuliza: Ndugu wasomaji, silaha nyingi katika riwaya za njozi husifiwa kwa ukali tu, nami huyasahau majina yake mara nifungapo kitabu. Ni ipi iliyowakaa, na kwa sababu gani?

Jibu la kwanza: Kwangu ni Stormbringer, upanga mweusi wa Elric, mhusika aliyebuniwa na Michael Moorcock mwaka 1961. Elric ni mfalme aliye dhaifu wa mwili, na upanga humtia nguvu kwa kunyonya roho za unaowaua, wakiwamo watu awapendao, hadi mwishowe unamgeukia yeye mwenyewe. Chombo gani hicho kinachomtumia mwenyewe!

Jibu la pili: Nakubali, ingawa upanga wenye nia yake ni wazo kongwe zaidi. Katika Kalevala, utenzi wa Wafini, toleo la 1849, shujaa Kullervo anauuliza upanga wake kama uko radhi kumwua yeye mwenyewe, nao unamjibu. Mwandishi Tolkien aliichukua tanzia hiyo akampa mhusika wake Túrin, ambaye anauuliza upanga wake, Gurthang, swali hilohilo.

Jibu la tatu: Mbona mnataja panga tu? Fumo Liyongo wetu hakudhurika kwa mkuki wala mshale, bali kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma usingizini ni mwanawe wa kumzaa.

Muuliza: Sindano hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, ilhali naiona inatisha kuliko panga hizo zote.